Nani hasa alifia kisiwani? Ubishi wa ndani ya bato la Bukavu

Ukipanda bato, yaani meli ya abiria, la mchana kutoka Goma kwenda Bukavu, Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, haiishi. Unaiona, unasinzia, unaamka, bado iko pale pale ubavuni na mashamba yake yamepanda mlima mpaka juu. Safari moja, tulipokuwa tumesimama huko Idjwi kupakia watu na mizigo, vijana wawili waliokuwa wanatazama filamu ya zamani kwenye simu walianza kubishana. Mmoja alisema Bruce Lee alifia kisiwani. Mwenzake akamwambia acha uongo, alifia Hong Kong. "Kwani Hong Kong ni nini?" akajibiwa. Basi, moto ukawaka. Papa mmoja aliyekuwa amejifunika uso kwa kofia akaiondoa ili aseme kwamba aliyefia kisiwani ni Marlon Brando, mwigizaji wa Marekani, tena kwenye kisiwa chake mwenyewe alichokinunua. Mwingine akamtaja Jacques Brel, mwimbaji wa Ubelgiji. Mama aliyekuwa ndiyo kwanza amepanda na vikapu vyake vya mananasi akauliza ajabu iko wapi, maana kwao watu hufia kisiwani kila wiki na hakuna redio inayotangaza.

Katika majina hayo matatu, hata moja halikuwa sahihi. Aliyesema kweli alikuwa mama wa mananasi.

Tuanze na huyo Bruce Lee, kwa sababu kosa lake lina mantiki. Jina Hong Kong linabeba sehemu tatu: kiko kisiwa chenyewe kinachoitwa Hong Kong, iko Kowloon, na yako maeneo ya kaskazini yanayopakana na China bara, pamoja na visiwa vingine vingi. Kowloon ni rasi, yaani nchi kavu iliyoingia majini lakini mgongo wake umeshikamana na bara. Bruce Lee alizidiwa tarehe 20 Julai 1973 akiwa kwenye nyumba ya ghorofa mtaa wa Kowloon Tong, akakimbizwa hospitali ya Queen Elizabeth, ambayo nayo iko Kowloon. Alikuwa na miaka 32. Kutoka hapo mpaka kisiwani ni lazima uvuke maji. Kwa hiyo kijana wa pili alishinda ingawa hakujua kwa nini ameshinda.

Kuna jambo lingine lililomponza yule wa kwanza. Filamu ya mwisho ambayo Bruce Lee aliimaliza, Enter the Dragon, ilitoka wiki chache tu baada ya kifo chake, na mashindano yote ya humo yanafanyika kwenye kisiwa cha tajiri mmoja mwovu. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za video za Birere, mtaa wa Goma, tuliitazama mpaka mkanda ukaanza kuchuja rangi. Mtu anapigana kisiwani, halafu unasikia amekufa. Akili inaunganisha.

Mtego wa majina uliwahi kumnasa mwigizaji mwingine, na kisa chake ninakipenda zaidi. Errol Flynn, yule wa filamu za maharamia na upanga, alizaliwa mwaka 1909 mjini Hobart, Tasmania, ambacho ni kisiwa. Baadaye alinunua Navy Island, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Port Antonio nchini Jamaika. Halafu tarehe 14 Oktoba 1959 akafariki Vancouver, Kanada, alikokwenda kwa shughuli ya kuuza mashua yake. Hapo ndipo watu hukosea. Kanada ina kisiwa kikubwa kinachoitwa Vancouver, lakini mji wa Vancouver hauko kwenye kisiwa hicho. Uko bara, ng'ambo ya maji. Mtu aliyezaliwa kisiwani na kumiliki kisiwa alikwenda kufia kwenye mji uliochangia jina tu na kisiwa.

Sasa, kisiwa ni nini? Mwalimu wa jiografia atakujibu haraka: nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Sawa, lakini ukilichukua jibu hilo kwa uaminifu, orodha inafurika. Uingereza ni kisiwa, hivyo Shakespeare alifia kisiwani mwaka 1616, na Laurence Olivier naye mwaka 1989. Manhattan, pale katikati ya New York, ni kisiwa kamili chenye mto kila upande. Greta Garbo alifia Manhattan mwaka 1990. Melina Mercouri, mwigizaji wa Ugiriki aliyekuja kuwa waziri wa utamaduni, alifia huko mwaka 1994. Philip Seymour Hoffman vivyo hivyo, mwaka 2014. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye utamsikia mtu akisema "maskini, alifia kisiwani". Ungemwambia hivyo mtu wa New York angekutazama mara mbili.

Ni kwamba mdomoni neno hili lina masharti ambayo ramani haiyajui. Kisiwa cha mazungumzo ni kidogo (hata ile ki- ya mwanzo inatusukuma kuwaza udogo), kiko mbali, kinafikiwa kwa chombo, na aliyekwenda huko ametoka mahali pengine. Sharti hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote. Siti binti Saad alizaliwa Unguja, akasafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwenye santuri, akarudi na akafariki Unguja mwaka 1950. Bi Kidude, aliyeimba jukwaani mpaka uzeeni na akatengenezewa filamu ya maisha yake mwaka 2006, alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Hao wawili walifia kisiwani bila ubishi wowote wa kijiografia. Lakini mtu wa Zanzibar anasema walifia nyumbani, na ana haki. Ndicho alichokuwa anasema mama wa mananasi.

Kwa hiyo tunapojadili "waigizaji waliofia kisiwani" kwa kweli tunajadili wageni: watu wa jukwaa na sinema waliotoka kwenye miji mikubwa, wakavuka maji, na mauti yakawakuta huko. Hapo ndipo Brando na Brel wanapoingia, na hapo hapo ndipo wanapotoka.

Marlon Brando alikwenda Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, kuigiza Mutiny on the Bounty, filamu iliyotoka mwaka 1962. Huko akakiona Tetiaroa, mkufu wa visiwa vidogo vya matumbawe, na miaka ya 1960 haijaisha akawa amekipata. Aliishi huko kwa vipindi. Lakini alifariki hospitalini Los Angeles tarehe 1 Julai 2004, akiwa na miaka 80. Kilichorudi Tahiti ni sehemu ya majivu yake, nyingine ikamwagwa kwenye jangwa la Death Valley, California.

Brel ni kisa kirefu zaidi, na kwetu huku, ambako Kifaransa kilikuja na Wabelgiji, nyimbo zake zilichezwa sana redioni. Watu wengi hawajui kwamba baada ya kuacha matamasha mwaka 1967 aliingia kwenye sinema, akaigiza na kuongoza filamu zake mwenyewe. Kisha mwaka 1974 akapanda mashua iitwayo Askoy, akavuka bahari na hatimaye kutua Hiva Oa, katika visiwa vya Marquises huko huko Pasifiki, kwenye kijiji cha Atuona. Alikuwa tayari anaumwa saratani ya mapafu. Pale kisiwani alinunua ndege ndogo akaipa jina Jojo, na kwa ndege hiyo alikuwa akiwasafirishia majirani barua, na wagonjwa akiwapeleka Tahiti kwenye hospitali kubwa. Soma tena sentensi hiyo, maana jibu la ubishi wetu limo ndani yake. Yeye aliyekuwa anawatoa wagonjwa kisiwani alitolewa kisiwani kwa sababu ile ile. Alirudi Ufaransa ugonjwa ulipozidi, akafariki hospitalini Bobigny, karibu na Paris, tarehe 9 Oktoba 1978, miaka 49. Mwili ukarudishwa Atuona ukazikwa hatua chache kutoka kaburi la mchoraji Paul Gauguin. Kaburi liko kisiwani, kifo hakiko. Papa mwenye kofia na jirani yake walichanganya mambo mawili: mahali mtu anapolala na mahali alipokata roho.

Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa sana habari ya hospitali na maji. Idjwi ina watu zaidi ya laki mbili na ina hospitali zake, ila kesi ikiwa nzito mgonjwa anapandishwa mtumbwi wenye mota au kanoti, yaani boti ya kasi, na kuvushwa Bukavu au Goma. Upepo ukiwa mbaya, anasubiri. Visiwa vidogo vyote duniani vinafanana katika hilo: saratani, figo, moyo uliochoka polepole, magonjwa yanayompa mtu muda, humtoa kisiwani na kumpeleka penye mashine na madaktari. Manhattan ni kinyume chake, kisiwa ambacho wagonjwa wanaletwa kutoka kwingine. Mercouri alitoka Ugiriki, nchi ya visiwa kwa maelfu, akafuata matibabu New York na kufia huko.

Kumbe basi, ili mgeni afie kisiwani, ama awe amekataa kuondoka, ama kifo kimwahi kabla chombo hakijafika.

Waliokataa kuondoka ni wazee, na mkubwa wao kwangu ni Ingmar Bergman. Mswidi huyu alikuwa mtu wa thieta kama alivyokuwa mtu wa sinema. Aliongoza thieta ya taifa ya Stockholm, Dramaten, kati ya 1963 na 1966, na hakuacha kuandaa tamthilia hata alipokuwa maarufu kwa filamu. Mwaka 1960 alikuwa anatafuta mahali pa kupigia picha, akataka visiwa vya Orkney huko Uskoti. Wenye pesa za filamu wakaona ghali, akaoneshwa Fårö, kisiwa cha mawe na miti mifupi kwenye Bahari ya Baltiki, kaskazini ya Gotland. Hakikuwa chaguo lake. Alikwenda kukikagua shingo upande, akakipenda siku hiyo hiyo. Akapigia filamu kadhaa huko, akajenga nyumba, akahamia.

Kisha ikaja kodi. Tarehe 30 Januari 1976, akiwa kwenye mazoezi ya tamthilia ya Strindberg pale Dramaten, askari wawili waliovaa nguo za kawaida waliingia kumchukua kwa tuhuma za kodi. (Tamthilia yenyewe, Ngoma ya Kifo, inahusu mume na mke wanaotesana kwenye ngome iliyo kisiwani. Ungeitunga hivyo watu wangesema umezidisha.) Mashtaka yalifutwa kabla ya miezi miwili kwisha, lakini Bergman alikuwa ameumia, akahama nchi akaenda kufanya kazi Munich, Ujerumani, kwa miaka mingi. Alirudi Uswidi, na uzeeni akajifungia Fårö. Wenyeji wakawa na desturi moja: mtalii akiuliza nyumba ya Bergman iko wapi, hakuna anayejua. Alifariki kitandani mwake kisiwani humo tarehe 30 Julai 2007, miaka 89, akazikwa kwenye makaburi ya kanisa la pale pale.

Siku hiyo hiyo moja alifariki Michelangelo Antonioni, mwongozaji mkubwa wa Italia, ila yeye alifia Roma. Filamu iliyompa jina mwaka 1960, L'Avventura, ni ya mwanamke anayepotea kwenye kisiwa cha mawe na haonekani tena. Mwenye filamu ya kupotelea kisiwani alifia mjini.

Noël Coward naye alifuata kisiwa kwa sababu ya kodi, lakini mwelekeo wake ulikuwa kinyume cha Bergman: kodi ilimtoa Bergman kisiwani, Coward ikampeleka. Mwandishi huyu wa tamthilia, mwigizaji na mtunzi wa nyimbo aliihama Uingereza kikodi mwaka 1956, jambo ambalo magazeti ya kwao yalimlaumu nalo sana. Kwenye kilima cha pwani ya kaskazini ya Jamaika alijenga nyumba ndogo, Firefly, vyumba vichache na bahari yote mbele. Akafia humo tarehe 26 Machi 1973, na kaburi lake liko uani, penye mandhari aliyokuwa anaitazama kila jioni. Sean Connery, aliyefariki usingizini Nassau, Bahama, tarehe 31 Oktoba 2020 akiwa na miaka 90, alikuwa mkazi wa nchi isiyotoza kodi ya mapato. Sisemi kodi ndiyo sababu pekee. Jua nalo lipo. Lakini ukiuliza kwa nini majina makubwa yamejaa visiwa vya Karibi na siyo, tuseme, Ukerewe, sehemu ya jibu iko kwenye daftari la mhasibu.

Wengine nitawapitia haraka. Claudette Colbert, Mfaransa kwa kuzaliwa aliyeshinda Oscar kwa filamu ya 1934, alifia Barbados tarehe 30 Julai 1996, miaka 92. Gracie Fields, binti wa mji wa viwanda wa Rochdale aliyepanda kutoka jukwaa la nyimbo za kuchekesha mpaka sinema, aliishi Capri, Italia, kwa miongo, akafia na kuzikwa huko mwaka 1979.

Waliowahiwa na kifo ni kundi lingine kabisa, na wengi walikuwa kazini. Oliver Reed alikuwa Malta mwaka 1999 akiigiza Gladiator. Tarehe 2 Mei, siku ya mapumziko, alikuwa kwenye baa mjini Valletta, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 61 na sehemu zake hazijakwisha, ikabidi watumie mwili wa mtu mwingine na kompyuta kubandika sura yake. Akazikwa Ireland, kisiwa kingine. Natalie Wood alizama usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 1981 karibu na kisiwa cha Santa Catalina, California, akiwa katikati ya filamu ambayo haikuwa imekwisha. Mwaka 2012 mchunguzi wa vifo wa Los Angeles alibadilisha maneno ya cheti: badala ya ajali ya kuzama, ikawa kuzama pamoja na sababu nyingine zisizobainika. Ukitaka ukali wa jiografia, hata yeye hakufia kisiwani. Alifia kwenye maji yake.

Usahihi wa namna hiyo unaudhi, najua, lakini wote tuliosoma Kongo tuliufahamu bila kujijua. Shuleni tuliambiwa Molière, mwandishi na mwigizaji wa tamthilia wa Ufaransa, alifia jukwaani. Hapana. Tarehe 17 Februari 1673 alizidiwa jukwaani akiigiza mgonjwa wa kujidhania, akaimaliza tamthilia kwa nguvu, akabebwa mpaka nyumbani kwake, na ndiko alikokata roho saa chache baadaye. Jukwaani alianguka. Kuanguka na kufa vinaweza kuwa na anwani mbili.

Nimemweka Molière hapa kwa makusudi, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye ndani ya bato lile hakuna aliyemtaja, wala mimi.

Mwaka 1987 ilitoka La Vie est belle, filamu ya kijana mwanamuziki anayetoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta jina. Waongozaji walikuwa wawili, Mbelgiji Benoît Lamy na Ngangura Mweze, mwana wa Bukavu. Kijana huyo aliigizwa na Papa Wemba. Mtu wa jukwaa kwa kila maana, mwenye sauti ile na nguo zile, na filamu hiyo ikamfanya mtu wa sinema pia. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 2016 alikuwa anaimba Abidjan, Côte d'Ivoire, kwenye tamasha la FEMUA, lililoanzishwa na kundi la muziki la Magic System katika mtaa wa Anoumabo. Picha tumeziona wote: wachezaji mbele wanaendelea kucheza, hawajui kwamba nyuma yao ameshaanguka. Aliaga dunia asubuhi hiyo, miaka 66.

Sasa fungua ramani ya Abidjan. Mji umekaa juu ya laguni (ziwa la kando ya bahari) ya Ébrié. Plateau na Cocody ziko upande wa bara. Treichville, Koumassi na Marcory ziko juu ya kisiwa kinachoitwa Petit-Bassam, na Anoumabo iko ndani ya Marcory. Jukwaa lile lilisimama kisiwani. Daraja la tatu, linaloshuka Marcory kutoka upande wa Cocody, lilikuwa limefunguliwa Desemba 2014, mwaka mmoja na miezi kadhaa tu kabla. Ukilipita kwa gari hujui umevuka kwenda kisiwani, kama vile mtu wa Manhattan hajui. Tulimlilia Goma, redio zikapiga nyimbo zake siku nzima, mwili ukapokelewa na kuzikwa Kinshasa, na katika maneno yote yaliyosemwa sikusikia mtu hata mmoja akitamka neno kisiwa.

Bato lilifunga Bukavu jua likiwa limeshuka. Mama wa mananasi alikuwa wa kwanza kushusha vikapu vyake. Wale vijana walitoka nyuma yake, simu imeisha chaji, bado wanabishania Kowloon.